Kupiga Mbizi Kwenye Mkondo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usalama

Watu wanaoogopa kupiga mbizi kwenye mkondo huogopa kilichoko chini: papa, kina, giza. Mimi huwaambia waogope juu. Mbizi inaweza kwenda vizuri mwanzo hadi mwisho, watu wakaibuka wazima na hewa ikiwa bado imo mtungini, kisha hatari ikaanzia hapo: kichwa kimoja cheusi kati ya mawimbi, na boti iko mbali inatazama kwingine. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye mambo mawili, kubaki pamoja na kuonekana.

Majibu haya ni kwa mtu ambaye tayari ana cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi. Hayawezi kushika nafasi ya mwalimu aliye majini pamoja nawe.

Mbizi ya mkondo inatofautianaje na mbizi ya kawaida?

Katika mbizi ya kawaida boti hutia nanga, unashuka, unazunguka, kisha unarudi ulikoanzia. Katika mbizi ya mkondo hakuna kurudi. Unaingia mahali pamoja, maji yanakuchukua kando ya mwamba, na unaibukia kwingine, pengine kilomita moja au mbili mbele, huku boti ikikufuata kwa juu bila nanga. Maji hufuata mkondo, nawe unayafuata maji. Raha yake ni hiyo: hupigi mapezi, mwamba ndio unaokupita. Watu husafiri mbali hadi Cozumel nchini Meksiko, Palau, Komodo nchini Indonesia, au Rangiroa katika Polinesia ya Kifaransa kwa ajili ya mkondo wenyewe, kwa kuwa maji yanayotembea huleta chakula, na chakula huleta samaki wakubwa.

Lakini ukishapita kitu umekipita. Na ukimpita mwenzako, umempita.

Mkondo wa kasi gani ni mkali mno?

Kasi ya mkondo hupimwa kwa noti. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na mita 31 hivi kila dakika. Kwenye karatasi inaonekana kidogo. Majini, mtu mwenye mtungi mgongoni hawezi kuogelea dhidi ya noti moja kwa muda mrefu. Atahema, atachoka na hewa yake itakwisha upesi. Kwenye noti mbili, dakika tano za kuhangaika na kamera zimekusogeza zaidi ya mita 300. Kwenye noti tatu ukigeuza uso upande, maji yanaweza kuing'oa miwani yako.

Mtu anayeingia kwenye mkondo kwa mara ya kwanza nisingependa apewe zaidi ya noti moja, tena kwenye ukuta wa mwamba ulionyooka, usio na kona wala mianya ya kupitisha maji. Kuna sehemu kama Saltstraumen huko Norwe ambako maji ya kujaa na kupwa hukaribia noti 20. Huko hata wenyeji husubiri dakika chache maji yanapotulia.

Nitajuaje hali ya mkondo kabla sijaingia?

Kwanza jua unashughulika na mkondo wa aina gani. Mikondo mikuu ya bahari, kama ule wa Ghuba unaopita karibu na Florida, huenda upande mmoja siku zote ingawa kasi yake hubadilika. Mikondo ya kujaa na kupwa hugeuka kila baada ya saa sita na dakika kadhaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji huenda mbali zaidi na kwa nguvu zaidi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa mapole. Na katika kila kujaa au kupwa, nguvu hufika kilele kama katikati, saa ya tatu na ya nne.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kusoma jedwali la maji, kuona maji yanajaa saa fulani, kisha kudhani mkondo utasimama saa hiyo hiyo. Katika milango-bahari mingi mkondo huendelea kwenda hata baada ya maji kufika kilele cha kujaa. Jedwali linakupa makadirio. Jibu lenyewe analo nahodha ambaye amepita pale kwa miaka.

Pia kuna suala la mkondo unakwenda wapi. Kwenye mlango wa Tiputa, Rangiroa, mbizi hupigwa maji yanapoingia kwenye wangwa la ndani, yaani maji yaliyozungukwa na mwamba, kwa sababu yakitoka humpeleka mtu bahari kuu. Kanuni hiyo inafaa popote: kabla ya kuuliza mkondo una kasi gani, uliza ukinichukua utaniacha wapi.

Ukifika mahali penyewe, tazama. Kamba ya boya lolote lililofungwa chini imelala kiasi gani? Upepo unapigana na mkondo? Ikiwa ndivyo, mawimbi yatakuwa mafupi na makali, na kichwa cha mtu hakitaonekana kwa urahisi. Viongozi wazuri humtumbukiza mtu mmoja kwanza kuangalia. Chini ya maji, samaki watakuonyesha: wengi huelekeza vichwa vyao kule mkondo unakotoka. Na ikiwa kiongozi anasita, au anasema tusubiri nusu saa, mshukuru.

Ni vifaa gani vya ziada ambavyo sipaswi kukosa?

Boya la kupuliza lenye uzi na rili yake, yaani kigurudumu cha kuzungushia uzi. Filimbi. Tochi, hata mchana. Kioo kidogo cha kumulikia jua. Kisu au mkasi wa kukatia uzi. Kompyuta ya mbizi, kwa sababu kwenye maji yanayotembea huwezi kukadiria kina kwa kutazama mwamba.

Kuhusu boya sitakubali mjadala. Kila mtu awe na lake. Kuna vikundi ambavyo kiongozi peke yake ndiye mwenye boya, na hoja yao ni kwamba wote watakuwa pamoja. Boya linahitajika kwa dharura hasa siku ile ambayo hamkuwa pamoja. Chagua refu, la mita moja na nusu au zaidi, la rangi ya chungwa au nyekundu. Katika sehemu nyingi boya la njano humaanisha dharura, kwa hiyo patana na nahodha kabla ya kuondoka juu ya rangi gani ina maana gani kwake.

Kwa safari za mbali na nchi kavu kuna kifaa kingine, kipaza-ishara binafsi kinachorusha mawimbi ya megahezi 406 kwenye satelaiti za COSPAS-SARSAT, mfumo wa kimataifa wa uokoaji. Kibebe ndani ya kopo lisilopenya maji kwenye kina unachokwenda, na kisajili kabla ya safari, maana kisiposajiliwa waokoaji hawatajua ni wewe.

Boya linarushwaje kutoka chini bila kuniburuta?

Jifunze kwanza kwenye maji matulivu, na urudie mpaka mikono ifanye yenyewe. Nimeona watu wenye mamia ya mbizi wakihangaika na boya jipya lililokaa mfukoni mwaka mzima.

Tazama juu, hakikisha hakuna boti wala mtu. Hakikisha uzi haujazunguka mtungi, mkono au bomba lolote. Usijifunge uzi mwilini kamwe; rili ishike mkononi ili uweze kuiachia. Kisha tia hewa kidogo. Hapa ndipo fizikia inapokusaidia: kwenye mita 10 msongo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo boya ulilolijaza nusu litafika juu limejaa. Ukilijaza lote hukohuko chini, litakuvuta kabla hujaliachia. Toa pumzi kidogo wakati boya linapojaa ili usipande nalo, liachie, na uache rili izunguke. Rili ikikwama, iachie. Rili inanunulika.

Likishafika juu, vuta uzi ukaze. Boya lisilovutwa hulala juu ya maji, na lililolala halionekani. Kisha kaa kwenye mita 5 kwa dakika tatu kama kawaida, ukipanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika.

Kwa nini tunaambiwa turuke wote mara moja, jaketi la kuelea likiwa halina hewa?

Kwa sababu juu ndiko mkondo huwa mkali zaidi, na huko ndiko kikundi hutawanyika. Kila nusu dakika anayobaki mtu mmoja juu akirekebisha miwani ni mita 15 au 30 kutoka kwa wenzake. Kagueni vifaa vyote ndani ya boti, pumueni kwenye regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia hewa ya mtungi, mara chache mkitazama kipimo cha hewa, kisha nahodha akitoa ishara, ingieni na kushuka moja kwa moja. Boti iwaachie upande ambao mkondo unatoka, ili uwafikishe mwambani.

Masikio yakikataa kufunguka, panda. Usilazimishe eti kikundi kinakuacha. Mwenzako apande nawe, nahodha awachukue.

Chini ya maji, nikae wapi na nisogeeje?

Karibu na mwamba bila kuugusa. Maji yanayosuguana na sakafu huenda polepole kuliko yale ya juu yake, na nyuma ya kila jiwe kubwa kuna kivuli kidogo cha utulivu ambamo unaweza kupumzika. Ukitaka kusimama kutazama kitu, ingia kwenye kivuli hicho. Usipige mapezi kupambana na maji. Anayepambana hujaa hewa chafu mapafuni, huhema, huingiwa na woga, na woga humfanya apambane zaidi.

Kikundi kikae kwenye kina kimoja. Hili halisemwi vya kutosha. Watu wawili wanaotazamana, mmoja kwenye mita 12 na mwingine kwenye mita 20, wanaweza kuwa kwenye mikondo miwili yenye kasi tofauti, na baada ya dakika chache hawaonani tena.

Jihadhari na kona za mwamba na vizingiti vyake. Hapo maji hubanwa, huongeza kasi, na mara nyingine hugeuka kwenda juu au chini.

Mkondo unanivuta kwenda chini. Nifanye nini?

Utaujua kwa dalili. Mapovu yako yanazunguka uso badala ya kupanda, masikio yanabanwa ghafla, nambari za kompyuta zinaongezeka ilhali hupigi mapezi kwenda chini. Hutokea sana kwenye kuta, mahali maji yanapomwagika kutoka juu ya mwamba kwenda kilindini.

Mshike mwenzako ikiwa yuko karibu. Jiwe likiwa ndani ya mkono, lishike, pumua mara tatu au nne polepole, na upande kwa mikono jiwe kwa jiwe. Matumbawe yatavunjika; katika hali hii, na hii tu, yavunjike. Ikiwa hakuna cha kushika, ogelea kwa nguvu kuuacha ukuta kuelekea maji ya wazi, kwa sababu mkondo wa kushuka mara nyingi ni ukanda mwembamba uliogandamana na ukuta. Usipoteze nguvu zako kupiga mapezi juu kwa wima dhidi yake. Tia hewa kwenye jaketi kadiri unavyohitaji, lakini weka kidole kwenye kitufe cha kutoa: ukichomoka kwenye ukanda ule, hewa yote uliyotia itapanuka na kukurusha juu kama kizibo. Kutupa mkanda wa risasi, ule wenye vipande vizito vya kukuzamisha, ni hatua ya mwisho kabisa, kwa mtu ambaye kweli anaendelea kushuka baada ya kujaribu yote.

Mkondo wa kupanda ni kinyume chake. Toa hewa, tandaza mikono na miguu ili kupunguza kasi, ondoka kwenye ukuta, na usizuie pumzi hata sekunde moja.

Ndoano ya mwamba ni salama?

Ikitumiwa vizuri, ndiyo. Ni ndoano yenye kamba ya kujishikiza mwambani mkondo usikuchukue. Ilienea kutokana na sehemu kama Blue Corner huko Palau, ambapo watu hujinasa ukingoni na kutazama papa wakipita. Nasa kwenye jiwe lililokufa, si kwenye tumbawe hai. Funga upande wa pili kwenye pete ya mbele ya jaketi, mahali mkono wako unafika bila kutafuta. Tia hewa kidogo upate kuelea kama tiara. Kabla ya kujinasua, toa ile hewa kwanza, la sivyo utapanda bila kutaka. Na usijinase mahali ambapo mapovu yako yanakwenda chini.

Nibakishe hewa kiasi gani?

Wengi wamefundishwa kuibuka na baa 50 (baa ni kipimo cha msongo wa hewa mtungini). Kwenye mkondo mimi huanza kupanda nikiwa na 70 au zaidi, kwa sababu kurusha boya, kutulia mita 5 na kusubiri boti kwenye mawimbi vyote vinataka hewa. Mtu wa kwanza kufika kiwango mlichopatana ndiye anayeamua mbizi inaisha lini, na hana haja ya kuomba radhi.

Nimepotezana na mwenzangu. Nimtafute?

Dakika moja, ukizunguka kutazama pande zote, juu na chini, ukimulika tochi. Usiogelee kurudi nyuma. Ukimkosa, rusha boya, panda kwa kasi ya kawaida na mkutane juu. Mpatane hivyo kabla ya mbizi, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake naye anapanda. Wanaokubaliana kwa kichwa tu bila kusema kwa maneno huishia mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Nimeibuka na boti siioni. Nifanye nini?

Jaza jaketi. Acha miwani usoni na regulata au bomba la kupumulia mdomoni mpaka uwe na hakika mawimbi hayatakunywesha. Simamisha boya. Ukiwa unaelea bila shida unaweza kuuachia mkanda wa risasi, lakini suti ya mbizi na jaketi usivivue.

Mkiwa wengi, shikaneni. Funganeni kwa kamba ya boya au kwa mikanda ya majaketi. Watu watano walio pamoja wana rangi zaidi na ukubwa zaidi machoni mwa rubani kuliko watano waliotawanyika. Mnapoona boti, pandisheni boya na kulipunga, pulizeni filimbi, mulikeni kioo. Filimbi haisikiki injini ikiunguruma, kwa hiyo iliyo muhimu zaidi ni ile ambayo jicho linaiona. Usiku, tochi au mwanga wa kamera huonekana mbali sana.

Usiifukuzie boti kwa kuogelea. Inakwenda haraka kuliko wewe, nawe utaishiwa nguvu. Pwani ikiwa karibu, ogelea kukatisha mkondo, kwa ulalo, polepole, ukipumzika. Maji hupokonya mwili joto takriban mara 25 haraka kuliko hewa, hivyo hata bahari ya joto itakutetemesha baada ya saa nyingi. Kunjeni magoti, kaeni karibu karibu. Msinywe maji ya bahari.

Mwaka 2008 wapiga mbizi watano kutoka Ulaya walichukuliwa na mkondo karibu na Komodo. Walielea kwa saa nyingi mpaka wakafika kisiwa cha Rinca, wakaokolewa wote siku mbili baadaye. Huwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo kwa sababu moja: walibaki pamoja, watano, mpaka mwisho.

Nani asipige mbizi ya mkondo leo?

Mwenye mafua au kikohozi. Aliyelala vibaya au kunywa pombe jana usiku. Mwenye tatizo la moyo, shinikizo la damu lisilotibiwa au pumu, mpaka daktari anayeielewa mbizi amruhusu; moyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wapiga mbizi, na mkondo ndio hasa unaoufanyisha moyo kazi ya ghafla. Pia mtu ambaye bado hawezi kusimama majini kwenye kina kimoja bila kupanda na kushuka. Ajifunze hilo kwanza, mkondo utamngoja.

Na yeyote ambaye moyo wake unakataa. Ana haki ya kusema hapana akiwa amekwisha kuvaa mtungi, na hakuna mtu botini mwenye haki ya kumuuliza mara mbili.

Kupanda botini kuna hatari gani?

Propela. Usikaribie tezi, yaani nyuma ya boti, mpaka nahodha mwenyewe akupe ishara kwamba injini haivuti. Boti ndiyo ikujie, au ikae mahali mkondo utakapokupeleka kwake. Kamba iliyoburutwa nyuma na kuishia kwenye boya husaidia sana: unaishika na kungoja zamu yako. Usikae chini ya mtu anayepanda ngazi na mtungi mgongoni, maana akiteleza anakuangukia. Mapezi yavue mwisho kabisa, ukiwa tayari umeshika ngazi.

Kisha kuhesabiwa. Januari 1998, wapiga mbizi wawili Wamarekani waliachwa baharini kwenye Great Barrier Reef nchini Australia kwa sababu hesabu ilikosewa, na zikapita siku mbili kabla watu hawajagundua kwamba hawapo. Hawakupatikana tena. Kwa hiyo watu wasihesabiwe kwa vichwa, wakati wengine wanavua suti na wengine wako chooni. Yasomwe majina, na kila mtu aitike kwa sauti yake mwenyewe. Mtu akikuambia "yupo, nimemwona", mwambie aje aitike. Injini isipandishwe kasi mpaka jina la mwisho liitikiwe.